Barua ya wazi: Kiti cha safari ndefu kiuzwe kwa sentimita

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA),
Kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga,
Kwa wakuu wa mashirika ya ndege yanayobeba abiria wa safari ndefu kutoka Dar es Salaam.

Ndugu viongozi wetu,

Salaam kutoka Mbeya. Tunaowaandikia ni watu wa tiketi na watu wa spana: mawakala wanaouza safari za nje hapa Mbeya, Iringa na Njombe, pamoja na mafundi wanaojua kiti cha ndege kuanzia sponji hadi reli inayokishika sakafuni. Tuna ombi moja, na mengine yote humu ni matawi yake.

Abiria akifika kaunta, mzigo wake unawekwa kwenye mizani. Ukizidi kilo 23 analipa, au anafungua begi mbele za watu apunguze vitenge. Hatuna ugomvi na hilo, kilo ni kilo. Lakini nafasi ambayo yeye mwenyewe atakaa kwa saa kumi hadi Guangzhou haijaandikwa kwenye tiketi wala kwenye risiti. Kauziwa "ikonomi", basi. Watu wa nyanda hizi wanaijua biashara ya namna hiyo. Mkulima wa viazi wa Uyole na Makete aliumizwa na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, miaka na miaka, mpaka sheria ikasema gunia lisizidi kilo 100 na Wakala wa Vipimo wakakabidhiwa kazi ya kufuatilia. Ombi letu ni kwamba nafasi ya abiria nayo ipimwe, itangazwe kabla ya kulipa, na iwe na kiwango cha chini ambacho shirika haliruhusiwi kukivuka.

Tuanze na kipimo chenyewe, maana hapo ndipo abiria anapopotezwa hata bila mtu kusema uongo. Namba inayotajwa mara nyingi ni umbali wa safu, yaani kutoka nukta moja ya kiti hadi nukta ileile ya kiti cha mbele yake. Kwenye ndege nyingi za masafa marefu huwa sentimita 79 hadi 81. Kwenye mashirika ya bei nafuu hushuka hadi 71. Wengi wakisikia 79 wanadhani hiyo ndiyo nafasi ya miguu. Sivyo. Ndani ya 79 hizo umo unene wa mgongo wa kiti. Kiti cha zamani chenye mgongo mnene kinaweza kukunyima nafasi zaidi kikiwa na 79 kuliko kiti chembamba cha kisasa kilichofungwa kwa 76. Namba ni ya kweli, na goti bado linagonga.

Kwa hiyo namba tunazozitaka ni nyingine. Ya kwanza ni nafasi ya goti: chukua futikamba, iweke kwenye egemeo la mgongo usawa wa juu ya sponji la kukalia, ivute mbele sambamba na sakafu hadi igonge mgongo wa kiti cha mbele, viti vyote vikiwa vimesimama wima. Kutoka makalio hadi goti, mwanamume mrefu ana sentimita 65 au zaidi, kwa hiyo palipo na 66 amekaa kama ubao. Ya pili ni upana, unaopimwa kati ya mikono ya kiti kwa ndani, si kutoka katikati ya mkono mmoja hadi katikati ya mwingine, maana kufanya hivyo kunaongeza sentimita tano ambazo hakuna anayezikalia. Ya tatu ni mgongo wa kiti unalala kiasi gani, ukipimwa juu kabisa kwenye kichwa.

Na vipimo visichukuliwe kwenye kiti kimoja kizuri kilichochaguliwa. Vichukuliwe safu ya mbele, ya katikati na ya mwisho ya kila chumba, halafu litangazwe jibu dogo kuliko yote. Wastani hauna maana kwa aliyepangiwa safu ya 38.

Mtatuambia kwamba usalama ndio unaosimamiwa na sheria, starehe ni ya soko. Tazameni basi kanuni za Marekani zinazotumika kuidhinisha ndege kubwa. Njia ya kupita katikati ya viti imewekewa kipimo: sentimita 38 kwa chini, 51 kuanzia usawa wa sentimita 64 kutoka sakafuni. Idadi ya viti upande mmoja wa njia imewekewa kikomo, vitatu. Kiti chenyewe lazima kistahimili mshtuko wa mara 16 ya uzito wake. Abiria wote lazima waweze kutoka kwa sekunde 90 kwa kutumia nusu ya milango. Kila kitu kina namba isipokuwa nafasi kati ya kiti na kiti.

Uingereza hawakukubali pengo hilo. Mwaka 1985 ndege iliwaka moto uwanjani Manchester na watu 55 wakafa. Mwaka 1989 mamlaka yao ya anga ikaweka kipimo cha chini cha sentimita 66 kutoka egemeo la mgongo hadi kiti cha mbele, pamoja na upenyo wa mtu kujitoa kwenye safu. Ni kipimo kidogo, cha kuokoa roho tu, lakini kiliwekwa. Marekani jambo lilifika mahakama ya rufani mwaka 2017, ambako jaji aliliita kesi ya kiti cha ndege kinachosinyaa. Mwaka uliofuata Bunge lao likaiagiza FAA, mamlaka yao ya usafiri wa anga, iweke kiwango cha chini. FAA ilifanya majaribio ya kutoka ndani ya ndege kule Oklahoma City kwa watu 720 wa kujitolea, wa umri wa miaka 18 hadi 60, na ikasema ukubwa wa viti haukuwachelewesha. Tuulize sisi tunaouza tiketi za Mumbai: bibi wa miaka 72 anayekwenda kutibiwa mguu alikuwa wapi katika jaribio hilo? TCAA haina sababu ya kusubiri Washington imalize mashauriano.

Sasa upana, ambao ni habari chungu zaidi kwa sababu haurekebishiki ndege ikishanunuliwa. Chumba cha Boeing 787 kina upana wa takriban mita 5.49. Boeing walipoibuni walikuwa na mpangilio wa viti 8 kwa safu. Karibu mashirika yote duniani yakafunga 9, vitatu-vitatu-vitatu, likiwemo shirika letu la taifa, Air Tanzania. Fanyeni hesabu pamoja nasi: viti 9 vya sentimita 43.5 ni 391, mikono 12 ya sentimita 5 ni 60, jumla 451. Zinabaki 98 za kugawana kati ya njia mbili na mwanya wa ukutani. Hakuna pa kuongeza hata kidole. Mabega ya mwanamume wa kawaida yanazidi sentimita 45, kwa hiyo watatu wakikaa safu moja, wa katikati lazima ajikunje au aegemee mbele. Si suala la unene wa mtu, ingawa ndivyo anavyoambiwa na jirani yake. Japan Airlines wamebaki na viti 8 kwenye 787 zao za kimataifa, na hawajafilisika kwa sababu hiyo.

Cha kushangaza ni kwamba Airbus A220 inayotua uwanja wa Songwe hapa Mbeya kwa safari ya saa moja na ushee ina viti vyenye sentimita 47 hivi, viwili upande mmoja na vitatu upande mwingine. Abiria wa Mbeya anakaa kwa nafasi hadi Dar es Salaam, halafu anahamishiwa kwenye kiti chembamba ndipo safari ndefu inaanza. Airbus waliomba mwaka 2013 kwamba sekta nzima ikubali inchi 18, karibu sentimita 46, kama upana wa chini kwa safari ndefu. Ni kweli walikuwa wanavutia kwao, maana mshindani wao ndiye mwenye viti vyembamba. Lakini mtu anaweza kuwa na maslahi na bado akawa amesema kweli.

Kwa upana, basi, tunachoomba ni cha mbele: ndege zijazo zinapoagizwa, mpangilio wa viti upitiwe na Baraza la Watumiaji kabla ya mkataba kusainiwa. Baada ya hapo ni kelele tu.

Umbali wa safu ni habari nyingine. Huo unarekebishika, na gharama yake inahesabika. 787-8 ya hapa nyumbani ina viti 262: 22 vya daraja la biashara na 240 vya kawaida, yaani safu 27 hivi ukihesabu na zile pungufu. Ondoeni safu moja. Sentimita 79 zilizoachwa, zikigawiwa safu 26 zilizobaki, ni sentimita 3 kwa kila safu. Reli ya sakafuni ina matundu kila baada ya inchi moja, sentimita 2.54, kwa hiyo kwa lugha ya fundi kila safu inasogea tundu moja, na 79 inakuwa 81. Milango inakigawa chumba vipande, kwa hiyo mgawo hautalingana kabisa. Kuna safu zitakazopata matundu mawili na nyingine zitabaki palepale. Hapo ndipo mchoro mzuri unapohitajika.

Bei yake? Viti 9 kati ya 240. Ili viti 231 vilivyobaki vilete fedha ileile, kila abiria aongeze kama asilimia 4. Kwenye tiketi ya shilingi milioni 2 hiyo ni takriban shilingi 78,000, na hapo tumechukulia kwamba ndege hujaa kila siku. Siku ambayo viti 20 vinaruka vitupu, safu iliyoondolewa haikugharimu chochote. Tunawafahamu wateja wetu, wafanyabiashara wa Mwanjelwa na Soweto wanaohesabu hadi mia: kuna watakaokataa 78,000 na kuna watakaozitoa bila kubishana. Kwa sasa hawaulizwi, kwa sababu hawajui wananunua nini.

Hatusemi kazi hiyo inafanyika usiku mmoja kwa spana na tochi. Kiti kikisogea, paneli ya juu yenye barakoa za oksijeni, taa na spika lazima imfuate abiria. Nyaya za skrini lazima zifike. Alama za njia ya dharura sakafuni zihakikiwe. Hesabu ya uzito na mizania ya ndege ifanywe upya. Na mchoro mpya wa viti uidhinishwe. Ndiyo maana tunapendekeza ifanyike wakati wa ukaguzi mkubwa, ndege inapovuliwa viti vyote hata hivyo.

Yapo yasiyohitaji kusubiri. Mfuko wa magazeti unaoning'inia usawa wa goti, uliojaa majarida, kadi ya usalama na chupa ya maji, unakula sentimita mbili hadi tatu za mahali penye thamani kuliko pote. Upandisheni juu ya meza ya chakula. Viti vingi vya kisasa vinakuja hivyo kutoka kiwandani. Angalieni pia kisanduku cha umeme wa skrini kilichofungwa chini ya baadhi ya viti. Aliyekipata hawezi kunyoosha mguu mmoja safari nzima, na ramani ya viti haimwonyeshi. Kama hakiondoki, kiandikwe kwenye ramani. Vivyo hivyo safu isiyolala nyuma, ile iliyo mbele ya mlango wa dharura au iliyogusa ukuta wa choo; na ile ya ukutani mbele, ambayo meza yake inafichwa ndani ya mkono wa kiti na kuupunguza upana. Watu wanalipia nyongeza ya safu ya mbele wakidhani ni bora kwa kila kitu.

Matengenezo tunaomba yatazamwe kwa jicho kali zaidi, kwa sababu hapa hakuna ubishi wa soko: ni kiti kilichouzwa kikiwa kibovu. Sponji la kukalia huchoka. Linapobonyea katikati, mifupa ya makalio inafika kwenye fremu na abiria anaanza kujipindua kila dakika kumi, na kila akijipindua anamwamsha jirani. Fundi hawezi kukata godoro la dukani akalichomeka, kwa kuwa sponji la ndege limejaribiwa kwa moto na unene wake ni sehemu ya cheti cha kiti. Lazima liagizwe lenyewe. Hilo linachukua muda, kwa hiyo linahitaji akiba ghalani, na akiba ndiyo hukatwa kwanza bajeti ikibana. Kingine ni ile silinda ndogo inayofunga mgongo wa kiti. Ikivuja, mgongo haukai wima au haulali kabisa. Kiti kisichokaa wima ni kosa la usalama, kitashughulikiwa. Kiti kisicholala huandikwa kwenye kitabu cha hitilafu za chumba na kuahirishwa, safari baada ya safari. Tunaomba kuwe na kikomo cha siku za kuahirisha, na kiti chenye hitilafu kisiuzwe kwa safari ya zaidi ya saa nne mpaka ndege ijae kabisa. Hapo mteja aambiwe, na apunguziwe bei.

Kuhusu kulaza kiti, ugomvi huu wa abiria kwa abiria mngeweza kuumaliza ninyi. Wahudumu watangaze kwamba wakati wa chakula migongo yote inasimama, na wapite kuhakikisha. Kwa ndege mpya, chagueni kiti ambacho mtu akilala, kikalio chake kinateleza mbele: anayetaka kujinyoosha anatumia nafasi yake mwenyewe, si ya aliye nyuma.

Sasa afya. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2007 matokeo ya utafiti wake kuhusu damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Hatari huongezeka karibu mara mbili baada ya kusafiri zaidi ya saa nne umekaa, iwe kwa ndege, basi, treni au gari. Kwa ujumla ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000, lakini hupanda kadiri safari inavyorefuka na safari zinapofuatana kwa muda mfupi. Utafiti huohuo uliwataja watu warefu kupita mita 1.90 na wafupi chini ya mita 1.60 kuwa na hatari zaidi. Mfupi miguu yake haikanyagi vizuri na ukingo wa kiti unambana nyuma ya paja.

Mtu wa Dar es Salaam anatoka kitandani kwake kwenda uwanjani. Mtu wa Mbeya asiyemudu tiketi ya Songwe amekaa kwenye basi kilomita zaidi ya 800, ameshuka Kitonga, amepita Mikumi, na ameingia Dar miguu imeshaanza kuvimba. Wa Iringa amekaa kwenye basi kilomita 500 hivi. Halafu anaingia kwenye kiti cha sentimita 43.5 kwa saa kumi. Kwa hesabu ya damu, hiyo ni safari moja ndefu sana. Mawakala tunamshauri alale Dar usiku mmoja, atembee, anywe maji, asimeze dawa za usingizi, na kama amefanyiwa upasuaji karibuni, ni mjamzito au aliwahi kuganda damu, aonane na daktari kuhusu soksi za kubana kabla ya kukata tiketi. Ninyi mfanye upande wenu: baada ya kila saa mbili za mwanga, tangazo fupi la Kiswahili la kuwataka watu wazungushe vifundo vya miguu na kuinuka, na toroli lisizibe njia kwa muda mrefu kuliko huduma inavyohitaji.

(Kwa upande wa hewa hatuna malalamiko makubwa. Chumba cha 787 kinashikiliwa kwenye mwinuko usiozidi mita 1,830, ambao ni kati ya mwinuko wa Mbeya na wa Njombe; ndege nyingine hufika mita 2,440. Watu wa huku mapafu yameshazoea. Ni magoti ndiyo hayajazoea.)

Viti vingi vya njiani vina kitufe kilichofichwa chini ya mkono wa nje, karibu na bawaba. Ukikibonyeza, mkono unainuka. Mgonjwa, mzee au mtu mnene anaingia bila kuburutwa juu ya kizuizi. Abiria hawaambiwi. Wahudumu wapya nao wengine hawaonyeshwi. Tunaomba mgonjwa anayekwenda kutibiwa India apangiwe kiti cha namna hiyo bila malipo ya kuchagua kiti, na anayemsindikiza akae pembeni yake, si safu sita nyuma.

Ndege ikibadilishwa dakika za mwisho na kuletwa yenye nafasi ndogo, aliyelipia kiti cha nafasi zaidi arudishiwe fedha yake bila kuandika barua. Leo anarudishiwa yule anayejua kudai.

Kuhusu TCAA, kanuni tunayoipendekeza ni fupi. Kwa kila safari inayozidi saa nne kutoka Tanzania, shirika litangaze nafasi ya goti, upana na ulalaji wa kiti kwa sentimita, mahali bei inapoonekana, ikiwemo kwenye mfumo wa wakala. Nafasi ya goti isiwe chini ya sentimita 66 kwa kiti chochote kuanzia sasa, na kwa ndege zitakazosajiliwa baada ya kanuni kuanza, isipungue 70. Wakaguzi wenu wanaopanda ndege kukagua wabebe futikamba. Kupima safu tatu kwa utaratibu tulioueleza ni kazi ya dakika kumi na tano.

Hakuna utafiti wa kusubiri. Mchoro wa viti wa kila ndege upo katika ofisi ya uhandisi ya kila shirika, ukiwa na umbali wa kila safu. Ndege isingeruhusiwa kuruka bila huo mchoro. Ukurasa mmoja kwa kila aina ya ndege unatosha. Tutumieni. Tutaubandika kwenye kaunta zetu Mbeya, Iringa, Makambako na Njombe, na tutamsomea mteja kabla hajatoa fedha.

Wenu katika kazi,
Mawakala wa tiketi na mafundi wa viti vya ndege,
Nyanda za Juu Kusini, Mbeya.